Mwongozo wa Kusimba Njia za Baruapepe

Ofisi, shule, hospitali, mahakama na biashara za kila ukubwa hutegemea baruapepe kupelekea mambo ambayo hayapaswi kuonwa na mtu asiyehusika, ilhali itifaki inayoibeba, yaani utaratibu wa maneno ambao kompyuta mbili huufuata zinapowasiliana, haikubuniwa kwa ajili ya kutunza siri. Itifaki hiyo, iitwayo SMTP, iliwekwa katika maandishi na Jonathan Postel mnamo Agosti 1982, wakati mtandao ulipokuwa bado mali ya vyuo vikuu na taasisi chache za utafiti zilizofahamiana, na kila neno lililopita ndani yake lilipita likiwa matini wazi, maana yake maandishi yanayoweza kusomwa na yeyote aliye njiani bila kuhitaji ufunguo wowote. Mtandao umebadilika tangu wakati huo, lakini msingi wa SMTP ni uleule, na usiri wote uliopo leo katika safari ya baruapepe ni nyongeza iliyowekwa juu ya msingi huo baadaye.

Mwongozo huu unaeleza namna muunganisho wa matini wazi unavyogeuzwa kuwa muunganisho uliosimbwa, yaani ule ambao maandishi yake hubadilishwa kwa hesabu maalumu hadi yasisomeke na asiye na ufunguo. Umekusudiwa msimamizi wa seva ya barua katika taasisi ndogo au ya kati, ingawa sehemu yake moja inamhusu mtumiaji wa kawaida anayeweka akaunti yake kwenye simu au kompyuta. Hoja inayouongoza ni kwamba kazi hii ina nusu mbili: ya kwanza ni kutoa usimbaji kwa kila anayeuomba, na ya pili ni kuulazimisha kila mahali panaporuhusu kulazimishwa. Anayeishia katika nusu ya kwanza huwa amejikinga dhidi ya mtu anayesikiliza tu, wala hajajikinga dhidi ya mtu anayeweza kuingilia mazungumzo na kuyabadilisha.

Sehemu tatu za safari ya barua

Kabla ya kugusa usanidi wowote, ni muhimu kutenganisha sehemu tatu za safari ya barua, kwa kuwa kila moja ina kanuni zake na kiwango chake cha ukali. Sehemu ya kwanza ni uwasilishaji, ambapo programu ya mtumiaji huikabidhi barua kwa seva ya taasisi yake baada ya kujitambulisha kwa jina na nywila. Sehemu ya pili ni upelekaji, ambapo seva hiyo huitafuta seva ya mpokeaji mtandaoni na kuikabidhi barua bila nywila yoyote, kwa sababu seva mbili za taasisi tofauti aghalabu hazijuani. Sehemu ya tatu ni usomaji, ambapo mpokeaji huichukua barua yake kutoka kwenye seva kwa itifaki ya IMAP, inayoziacha barua zikae kwenye seva, au POP3, ambayo kwa kawaida huzihamishia kwenye kompyuta ya mtumiaji.

Kila sehemu hutumia poti zake, yaani namba zinazoiwezesha kompyuta moja kutenganisha huduma zake mbalimbali. Upelekaji baina ya seva na seva hufanyika katika poti 25. Uwasilishaji hutumia poti 587, ambayo muunganisho wake huanza wazi kisha ukapandishwa hadhi, au poti 465, ambayo muunganisho wake husimbwa tangu baiti ya kwanza. Usomaji kwa IMAP hutumia poti 143 kwa muunganisho unaoanza wazi na 993 kwa ule uliosimbwa tangu mwanzo, na POP3 hutumia 110 na 995 kwa mpangilio huohuo. Poti 465 ilipitia misukosuko, kwani iliandikishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ikafutwa muda mfupi baadaye, ikaendelea kutumiwa bila idhini kwa miaka mingi, na hatimaye ikarudishwa rasmi mnamo Januari 2018 kwa waraka wa RFC 8314, ambao ni mmoja wa nyaraka zinazoweka viwango vya intaneti.

Kinachofanya usimbaji wenyewe ni TLS, itifaki iliyorithi SSL ya kampuni ya Netscape. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999, TLS 1.2 ikafuata mwaka 2008, na TLS 1.3 mwaka 2018. Matoleo ya 1.0 na 1.1 yaliachishwa rasmi mnamo Machi 2021, na SSL 3.0 ilikuwa imekwisha kukatazwa mwaka 2015 baada ya watafiti wa Google kuonyesha mwaka uliotangulia namna ya kuivunja. Kwa hiyo neno SSL linalosomeka bado katika menyu za programu nyingi ni jina la kale tu, na kinachopaswa kufanya kazi nyuma yake ni TLS 1.2 au 1.3.

Namna STARTTLS inavyopandisha hadhi muunganisho

Amri inayougeuza muunganisho wazi kuwa uliosimbwa huitwa STARTTLS, na ilielezwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya SMTP mnamo Januari 1999, kisha waraka wake ukaandikwa upya mwaka 2002 kwa namba RFC 3207. Wazo lake ni kwamba seva isihitaji poti mpya, bali pande mbili zianze kuzungumza wazi kama zilivyozoea, zijulishane kwamba zote zinaweza kusimba, kisha zihamie kwenye usimbaji katikati ya muunganisho uleule. Mazungumzo hayo huonekana hivi:

Seva: 220 barua.mfano.example ESMTP
Mtumaji: EHLO ofisi.mfano.example
Seva: 250-barua.mfano.example
Seva: 250-SIZE 20480000
Seva: 250 STARTTLS
Mtumaji: STARTTLS
Seva: 220 Ready to start TLS

Seva hujitambulisha kwanza, kisha mtumaji husalimu kwa amri ya EHLO, ambayo pia ni ombi kwamba seva itaje uwezo wake wa ziada. Seva hujibu kwa orodha, na neno STARTTLS likiwamo, mtumaji hulirudisha kama amri. Jibu la 220 likishatoka, maandishi wazi hukoma na pande mbili huanza kupeana mikono ya TLS, hatua ambamo seva huonyesha cheti chake na funguo za kikao hicho huundwa. Baada ya hapo mtumaji hulazimika kusahau yote aliyoambiwa kabla ya usimbaji na kusalimu upya, kwa sababu orodha ya kwanza ilipita wazi na huenda ilibadilishwa njiani. IMAP hutumia amri ya jina hilohilo, na POP3 hutumia amri fupi ya STLS.

Inafaa kutazama kwa karibu kinachofichuliwa pale mtumiaji anapowasilisha barua bila hatua hiyo. Njia iitwayo AUTH PLAIN hutuma jina na nywila baada ya kuziandika kwa Base64, ambayo ni namna ya kuandika baiti kwa herufi na tarakimu za kawaida. Mtumiaji mwenye jina asha na nywila siri hutuma mfululizo huu: AGFzaGEAc2lyaQ==. Kwa macho mfululizo huo unaonekana kama fumbo, lakini hauna ufunguo wowote, na kompyuta yoyote huurudisha kuwa maneno ya awali kwa amri moja. Mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi ya mkahawa au aliyeshika ruta ya jengo hupata hapo nywila nzima, na kwa nywila hiyo hufungua barua zote za mwenye akaunti, zikiwamo za miaka iliyopita. Ndiyo maana sehemu za uwasilishaji na usomaji ndizo za kwanza kulazimishiwa usimbaji.

Udhaifu wa usimbaji wa hiari

STARTTLS katika hali yake ya kawaida ni usimbaji wa hiari, maana yake pande mbili husimba zikiweza, na zisipoweza huendelea wazi bila kumwambia mtu. Udhaifu wake unatokana na ukweli kwamba orodha ya uwezo wa seva hupita kabla ya usimbaji kuanza, kwa hiyo kifaa chochote kilicho katikati kinaweza kulifuta neno STARTTLS au kulibadilisha, na mtumaji akaamini kwamba seva ya upande wa pili haijui kusimba. Mtumaji huyo hatapata onyo, na barua itafika salama machoni pa wote wawili, ingawa imesomeka njia nzima.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Zakir Durumeric wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa kushirikiana na Google na Chuo Kikuu cha Illinois, walichapisha utafiti uliochunguza seva za barua duniani na barua zilizofika Gmail. Walikuta nchi 7 ambazo zaidi ya asilimia 20 ya barua zilizotoka humo kwenda Gmail zilifika wazi kwa sababu neno STARTTLS lilikuwa limeharibiwa njiani. Tunisia iliongoza kwa takriban asilimia 96, na Afrika Mashariki haikusalimika, kwani Kenya ilikuwa na takriban asilimia 24 na Uganda takriban asilimia 23. Alama mojawapo waliyoitambua ni neno hilo kufunikwa kwa mfululizo wa herufi X, jambo linalofanywa na baadhi ya vifaa vya fayawoli vya Cisco vilivyowekewa ukaguzi wa barua. Watafiti hao walieleza pia kwamba si lazima pawe na nia mbaya, kwa kuwa mtoa huduma anaweza kufanya hivyo ili akague barua taka zinazotoka kwenye mtandao wake, lakini matokeo kwa mwenye barua ni yaleyale.

Udhaifu wa pili unahusu mpaka kati ya sehemu iliyo wazi na iliyosimbwa. Mnamo Machi 2011 Wietse Venema, mwanzilishi wa programu ya seva iitwayo Postfix, alitangaza kasoro iliyomwezesha mwingiliaji kuambatisha amri zake nyuma ya amri ya STARTTLS ikiwa bado wazi, kisha seva ikazitekeleza baada ya usimbaji kuanza kana kwamba zimetoka kwa mtumiaji halali. Miaka 10 baadaye, mwaka 2021, kundi la watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sayansi Tumizi cha Münster nchini Ujerumani lilipitia programu nyingi za barua na seva zake, likakuta kasoro zaidi ya 40 zinazohusiana na STARTTLS, na likashauri kwamba watumiaji wapendelee poti zinazosimba tangu mwanzo. Ushauri huo unakubaliana na ule wa RFC 8314, na ndio unaofuatwa katika hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: kupata cheti na kukitunza

TLS huhitaji cheti, yaani hati ya kidijitali inayofungamanisha jina la seva na ufunguo wake wa hadhara, ikiwa imetiwa saini na mamlaka ya vyeti inayoaminiwa na programu za watumiaji. Tangu Desemba 2015 mamlaka iitwayo Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti hivyo kwa umma bila malipo, kwa hiyo gharama haiwezi tena kuwa sababu ya taasisi kubaki wazi. Jina lililomo katika cheti lazima lifanane na jina ambalo programu za watumiaji na seva nyingine hulitumia kuunganika, kama vile barua.mfano.example, na jina hilo ndilo linalopaswa kutajwa katika rekodi ya MX ya kikoa, ambayo ni tangazo katika mfumo wa majina wa DNS linaloonyesha seva inayopokea barua za kikoa hicho.

Ufunguo binafsi unaoandamana na cheti usomwe na akaunti ya msimamizi mkuu wa mfumo peke yake, usitumwe kwa baruapepe, wala usiachwe katika folda inayoonekana kwenye tovuti. Vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu kwa siku 90, na programu kama Certbot huvihuisha zenyewe, lakini kuhuisha faili hakutoshi, kwa sababu seva iliyokwisha kukisoma cheti cha zamani inaweza kuendelea kukionyesha hadi itakapoambiwa isome upya. Msimamizi hana budi kuongeza amri ya kuisomesha seva upya mara tu cheti kipya kinapopatikana, na Certbot ina sehemu maalumu ya kuwekea amri hiyo. Cheti kilichokwisha muda wake huleta madhara mawili: huzuia watumiaji kufanya kazi, na huwafundisha kubonyeza kitufe cha kupuuza onyo, tabia ambayo siku ya shambulio la kweli humfungulia mwingiliaji mlango.

Hatua ya pili: kulazimisha usimbaji kwa watumiaji wa ndani

Taasisi inawajua watumiaji wake na inaweza kuwaelekeza, kwa hiyo katika uwasilishaji na usomaji hapana haja ya hiari. Katika Postfix, mstari wa smtpd_tls_auth_only = yes huizuia seva kupokea nywila kabla ya TLS kuanza. Kwa poti 587, kiwango cha smtpd_tls_security_level huwekwa kuwa encrypt, ili seva ikatae kupokea barua kwa muunganisho usiosimbwa, na poti 465 huwashwa kwa smtpd_tls_wrappermode=yes, ili TLS ianze kabla ya neno lolote la SMTP. Kwa upande wa usomaji, programu ya Dovecot huwekewa ssl = required, na poti 993 huwa ndiyo inayotangazwa kwa watumiaji.

Mabadiliko haya yasifanywe kwa siku moja bila maandalizi, kwa sababu katika ofisi nyingi mna mashine ya kunakili inayotuma nyaraka kwa baruapepe, programu ya uhasibu inayotuma ankara, au kompyuta ya zamani ambayo haijaguswa kwa miaka. Njia iliyo salama ni kuwasha kwanza kumbukumbu za TLS kwa smtpd_tls_loglevel = 1, kuzisoma kwa wiki kadhaa ili kuona ni vifaa gani bado huunganika wazi, kuvirekebisha kimoja baada ya kingine, na ndipo mlango wa wazi ufungwe. Kifaa kisichojua TLS kabisa kinaweza kuachiwa njia ya pekee, yaani anwani moja ya mtandao wa ndani iliyoruhusiwa kwa jina, lakini kisiwe sababu ya kuiacha seva nzima wazi kwa ajili yake.

Poti 143 na 110 zinaweza kufungwa kabisa kwenye fayawoli baada ya watumiaji wote kuhamia 993 na 995. Kuzifunga kuna faida moja ambayo kukataa nywila hakuna: programu iliyowekwa vibaya hutuma nywila yake wazi kabla ya kusikia jibu la kukataliwa, kwa hiyo seva inayokataa baada ya kuambiwa huwa imechelewa, lakini poti iliyofungwa haipati nafasi ya kuambiwa chochote.

Hatua ya tatu: kusimba upelekaji baina ya seva

Katika poti 25 hali ni tofauti, kwa kuwa seva ya taasisi hupokea barua kutoka kwa wageni wa kila namna, na RFC 3207 inakataza seva iliyotangazwa hadharani kuwashurutisha watu wote watumie STARTTLS ndipo iwapokee. Hapa usimbaji wa hiari ndio mwanzo sahihi. Katika Postfix, smtpd_tls_security_level = may huifanya seva itangaze STARTTLS kwa wanaoleta barua, na smtp_tls_security_level = may huifanya iombe usimbaji inapopeleka barua kwa wengine. Tofauti ya majina hayo mawili ni herufi moja tu, ile d, lakini maana zake zimeachana kabisa: la kwanza ni la kupokea na la pili ni la kupeleka, na msimamizi anayeweka moja na kusahau jingine huwa amesimba upande mmoja wa barabara.

Pale ambapo taasisi mbili huandikiana mara kwa mara mambo nyeti, kwa mfano hospitali na maabara yake au kampuni na benki yake, hiari inaweza kugeuzwa kuwa sharti kwa makubaliano. Postfix ina jedwali la sera, smtp_tls_policy_maps, ambamo kikoa kimoja kimoja huandikiwa kiwango chake: encrypt humaanisha kwamba barua isiende bila TLS, na secure humaanisha kwamba zaidi ya hapo cheti cha upande wa pili kihakikiwe na jina lake lilingane na linalotarajiwa. Usimbaji usipopatikana, barua husubiri kwenye foleni, na muda ukiisha humrudia mtumaji, jambo ambalo ni heri kuliko kwenda wazi bila yeye kujua.

Hatua ya nne: kutangaza sera inayoaminika

Makubaliano ya jedwali hayawezi kufanywa na dunia nzima, kwa hiyo zimebuniwa njia mbili za kuiwezesha seva itangaze kwa yeyote kwamba barua zake zisiletwe bila usimbaji. Ya kwanza ni MTA-STS, iliyotolewa mwaka 2018 kama RFC 8461. Mwenye kikoa huweka rekodi fupi ya maandishi katika DNS kwa jina la _mta-sts, kisha huweka faili dogo kwenye tovuti yenye jina la mta-sts mbele ya kikoa chake, likisomwa kwa HTTPS. Faili hilo hutaja mambo manne:

version: STSv1
mode: testing
mx: barua.mfano.example
max_age: 604800

Mstari wa pili ndio wenye uzito. Hali ya testing huwaambia watumaji waendelee kupeleka barua hata usimbaji ukishindikana, ila watoe taarifa, na hali ya enforce huwaambia wasipeleke. Mstari wa mwisho ni muda, kwa sekunde, ambao mtumaji ataikumbuka sera hiyo, na namba iliyo hapo juu ni sawa na wiki moja. Kumbukumbu hiyo ndiyo kinga, kwa sababu mwingiliaji akilifuta neno STARTTLS leo, mtumaji aliyeisoma sera juzi atajua kwamba kuna hila na atakataa kupeleka wazi. Gmail ilianza kuiheshimu sera hii mnamo Aprili 2019. Msimamizi aanze na testing, aweke pia rekodi ya TLSRPT kwa jina la _smtp._tls, ambayo huwaomba watumaji wakubwa wamletee ripoti za kushindwa kwa TLS, azisome ripoti hizo kwa wiki kadhaa, na zikiwa safi ahamie enforce. Kila anapolibadilisha faili lazima abadilishe pia namba ya utambulisho katika rekodi ya DNS, la sivyo watumaji hawatajua kwamba kuna sera mpya.

Njia ya pili ni DANE, iliyoelezwa kwa ajili ya SMTP mwaka 2015 katika RFC 7672, ambayo huweka alama ya cheti cha seva ndani ya DNS yenyewe. Nguvu yake ni kwamba haihitaji mtumaji awe amewahi kuisoma sera hapo awali, lakini hutegemea DNSSEC, yaani saini za kidijitali zinazothibitisha kwamba majibu ya DNS hayakughushiwa. Taasisi ambayo msajili wake wa kikoa anawezesha DNSSEC, na ambayo ina mtu wa kuzisimamia saini hizo bila kukosa, inaweza kutumia njia zote mbili pamoja, na ile isiyo na uwezo huo ianze na MTA-STS.

Kupima kazi iliyofanyika

Usanidi usiopimwa haupaswi kuaminiwa. Upimaji wa poti 25 au 587 hufanywa kwa amri ifuatayo, kutoka kwenye kompyuta iliyo nje ya mtandao wa taasisi:

openssl s_client -starttls smtp -connect barua.mfano.example:587

Kwa poti 465 na 993, sehemu ya -starttls smtp huondolewa, kwa kuwa usimbaji huanza mara moja. Katika majibu yake msimamizi atafute toleo la TLS, ambalo liwe 1.2 au 1.3, jina lililomo katika cheti, na mstari wa Verify return code, ambao namba yake ikiwa 0 maana yake cheti kimethibitika. Kipimo hiki kirudiwe kupitia watoa huduma tofauti, kwa mfano mara moja kupitia intaneti ya ofisi na mara nyingine kupitia mtandao wa simu, kwani neno STARTTLS likionekana upande mmoja na kukosekana upande mwingine, kuna kifaa katikati kinachoingilia, na mtoa huduma mhusika aulizwe. Watoa huduma wengi huifunga poti 25 kwa wateja wa kawaida ili kuzuia barua taka, kwa hiyo kukosa jibu katika poti hiyo pekee hakutoshi kuwa ushahidi wa hitilafu ya seva.

Maelekezo kwa mtumiaji wa kawaida

Mtumiaji asiye na seva yake ana kazi fupi. Katika mipangilio ya akaunti ya barua, kwenye simu au kompyuta, achague SSL/TLS kwa poti 993 ya kusoma na poti 465 ya kutuma. Ikiwa mtoa huduma wake hana poti 465, achague STARTTLS kwa poti 587, na asikubali chaguo lolote lenye maana ya kusimba pale tu inapowezekana, ambalo lilikuwamo katika baadhi ya programu za zamani, kwa sababu chaguo hilo ndilo ile hiari inayoweza kunyang'anywa kimya kimya. Onyo la cheti likitokea ghafla kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya uwanja wa ndege, akatae, ahamie kwenye data ya simu, na ajaribu upya. Na ikiwa amewahi kutumia akaunti hiyo bila usimbaji, abadilishe nywila baada ya kurekebisha mipangilio, kwa kuwa usimbaji wa leo hauifichi nywila iliyokwisha kuonekana jana.

Mipaka ya kinga hii

TLS huilinda barua katika kila kipande cha njia, lakini barua hufunguliwa katika kila seva inakopita na hukaa humo ikisomeka na wasimamizi wake. Anayehitaji barua isisomwe na yeyote isipokuwa mpokeaji hana budi kuongeza usimbaji wa barua yenyewe, kwa OpenPGP au S/MIME, ambao nao kwa kawaida huacha wazi majina ya wanaoandikiana na mara nyingi kichwa cha barua. Aina hizi mbili za kinga hukamilishana, kwa sababu TLS ndiyo inayoficha njiani yale ambayo usimbaji wa barua huyaacha nje, na ndiyo pekee inayolinda nywila.

Kwa upande wa sheria, Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde kwa hatua za kiufundi zinazofaa. Taasisi inayopokea nakala za vitambulisho, matokeo ya vipimo au mishahara kupitia seva inayokubali nywila kwa matini wazi itapata shida kueleza ni hatua ipi iliyochukua, ilhali cheti hakina gharama na mistari inayohitajika haizidi kurasa mbili za usanidi.

Msimamizi aliyesoma hadi hapa asisubiri bajeti wala mwaka mpya wa fedha. Aanze wiki hii kwa kupima poti zake kutoka nje, afunge njia za nywila zilizo wazi mara vifaa vyake vinapokuwa tayari, na asiihesabu kazi kuwa imekwisha mpaka sera yake ya MTA-STS isomeke enforce.